Kofi la Mpakani

Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze habari ya mawe. Naona mzee wangu pale mbele ameshaanza kupiga miayo. Vumilia, baba, mawe haya yana mambo.

Binadamu popote alipo, akishapata kipande cha ardhi, anatafuta jiwe la kuweka pembeni. Watu wa Babeli ya kale walichonga laana juu ya jiwe la mpaka: atakayelisogeza na apofuke, na asipate mtoto wa kumrithi. Warumi wao walikuwa wajanja zaidi. Kabla ya kusimika jiwe walifukia chini yake makaa na vigae vya vyungu, kwa sababu makaa hayaozi. Mwizi atahamisha jiwe, lakini nani atakumbuka kuhamisha makaa? Huko Ulaya viko vijiji vilivyokuwa vinawapeleka watoto mpaka kwenye jiwe na kuwachapa pale pale, ili wakizeeka wakumbuke mahali. Na hapa kwetu Wachaga wanapanda mpakani mmea wao wa masale, na ole wako uyang'oe. Mmeona? Watu ambao hawajawahi kuonana, bahari na majangwa katikati yao, wote walikuwa wanamwogopa mtu mmoja, naye ni jirani.

Sasa niwape mfano. Huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akanisubiri mlangoni kuniuliza ni ukoo gani.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha mlimani, wanalima tangawizi na magimbi. Mababu zao, wakiweka mpaka, walifukia makaa na vigae vitatu, wakasimika jiwe juu yake. Halafu kila upande ulileta mtoto mmoja. Mzee wa mila alimzaba kila mtoto kofi la shavu, kofi la kweli, mpaka machozi yatoke, na papo hapo akamlambisha asali. Kofi ni la kumfanya asisahau mahali. Asali ni ya kumfanya asiwachukie watu. Baada ya hapo watoto wale wawili ndio walikuwa mashahidi wa ule mpaka hadi kufa kwao.

Katika kijiji hicho aliishi bwana mmoja, tumwite Mbonea. Alikuwa mzee wa kanisa, umri wake miaka hamsini na mitano, na msinielewe vibaya, alikuwa mtu safi. Mbuzi wa mtu akiingia shambani kwake alimrudisha kwa mwenyewe bila maneno. Akiokota panga njiani alilipeleka kanisani litangazwe. Hata watu waliomchukia walikubali kwamba mkono wa Mbonea haujawahi kugusa cha mtu, na yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua kupita kiasi. Kila Jumamosi alilisugua kwa sabuni kaburi la baba yake nyuma ya jiko, kaburi la vigae vyeupe, akisema moyoni, baba, mwanao sijakuaibisha.

Jirani yake wa chini alikuwa bibi mmoja wa miaka themanini na mmoja, Bibi Nakundwa. Alikuwa binti pekee wa baba yake. Aliolewa mbali, akafiwa na mume mapema, akarudi kwenye ardhi ya kwao, na hapo akazeekea. Kati ya shamba lake na la Mbonea kulikuwa na jiwe jeusi, refu kufika gotini.

Mwaka huo Mbonea alikuwa anaongeza baraza kwenye nyumba yake. Ameshamwaga msingi, anapima, anakuta nafasi haitoshi. Akapima tena kwa kamba. Akalitazama lile jiwe, akaliona kama limeinama kuelekea kwake. Kadiri alivyolitazama ndivyo lilivyozidi kuinama. Siku ya tatu alikuwa ameshaamini kabisa kwamba jiwe limesogezwa, na kama si yeye aliyelisogeza, ni nani basi? Mpaka una pande mbili tu.

Mkewe akamwambia, "Baba Navoneiwa, yule bibi hata ndoo ya maji anapandishiwa. Jiwe lile atalinyanyua na nini?"

"Hajalinyanyua leo. Kalinyanyua zamani, akiwa na nguvu."

Akatelemka. Akamkuta bibi amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yamebaki kidogo sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti."

"Sikai. Nimekuja kukwambia jiwe limehamishwa. Limeingia kwangu kama hatua tatu."

Bibi aliacha kuchambua. Kisha akasema, "Hatua tatu ni za lile baraza?"

"Ni za haki."

"Basi zichukue, mwanangu. Jenga baraza lako, mimi nimebakiza siku ngapi hapa? Chukua hata nne. Ila jiwe usiliguse. Liache lilale."

Jamani! Mnamsikia huyu bibi? Mtu amekuja kumwita mwizi mlangoni kwake, naye anampa alichokuja kudai, tena na nyongeza. Wewe ungefanya nini? Ungesema ahsante, ukaenda kujenga. Lakini Mbonea alikuwa mtu wa haki, ndugu zangu, na mtu wa haki hapewi zawadi.

"Sitaki kupewa," akasema. "Nikipokea kama zawadi nitakuwa nimekubali kwamba ni chako. Tutachimba, tuangalie makaa yako wapi."

Bibi akaanza kutetemeka. Mbonea aliiona mikono yake, maharage yakimwagika. Akapanda kwake huku moyo umemtulia kabisa, maana sasa alikuwa na uhakika. Alimwambia mkewe, "Kama hana hatia, anaogopa jembe la nini?"

Kesho yake bibi alijikongoja mpaka kwa Mbonea na fimbo yake, kilima kile! Akamwomba tena asichimbe, akakataliwa. Akamwomba mke wa Mbonea amsihi mumewe, mama wa watu akamsihi, akaambiwa arudi jikoni. Mbonea akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuandikisha shauri.

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa na huyu bwana. Mwenyekiti alimwandikia maneno ya kawaida, kwamba wazee watachimba na watapatanisha. Mbonea akayakataa. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa mkono wake: "Mpaka urudi palipo na makaa, popote pale yatakapoonekana. Kila kilicho upande wa jirani kiwe cha jirani. Na asionewe mtu huruma." Akatia sahihi. Akamrudishia mwenyekiti karatasi, akaomba isomwe mbele ya watu. Alijipalia makaa huku anatabasamu!

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kikapanda. Mnajua watu tulivyo, msiba tunachelewa, ugomvi tunawahi. Vijana wanne wakaling'oa lile jiwe, wakachimba. Wakafika usawa wa goti, udongo mwekundu mtupu. Wakafika usawa wa kiuno, udongo mwekundu. Hakuna kaa hata moja wala kigae.

"Mmeona!" Mbonea akapiga makofi. "Mmeona wenyewe! Hili jiwe limehamishwa!"

Watu wakamgeukia bibi. Mama mmoja aliyekuwa amemshika mkono akauachia, akasogea pembeni. Mbonea alimtazama yule kikongwe amesimama peke yake na fimbo yake, na nitawaambia ukweli, hakusikia huruma hata chembe. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Mila inajulikana. Makaa yakikosekana chini ya jiwe, anaulizwa aliyepigwa kofi. Katika mpaka huu walipigwa akina nani?"

"Wawili," bibi akajibu. "Mmoja alikuwa baba yake Mbonea, akiwa na miaka tisa. Yeye tumeshamzika. Wa pili ni mimi, nilikuwa na sita."

"Basi umebaki wewe. Unapakumbuka mahali?"

"Mwenyekiti, nikisema nimesahau, shauri litaishia hapa?"

"Hajasahau!" Mbonea akadakia. "Anataka kukwepa. Atembee atuonyeshe!"

Bibi akamgeukia. Akaita jina lake taratibu, kama mama anavyoita mtoto aliyelala. "Mbonea. Nakuomba kwa mara ya mwisho."

"Tembea, bibi."

Akatembea. Watu wote walitegemea atelemke kuelekea kwake, maana kama jiwe lilikuwa limeingia kwa Mbonea, makaa si yatakuwa kule chini? Mbonea alikuwa ameshamtuma mtu asimame na kamba karibu na magimbi ya bibi. Lakini bibi hakutelemka, alipanda. Mbonea akacheka kwanza. "Macho yamemchanganya, mgeuzeni." Hakuna aliyemgeuza.

Akapita kwenye tangawizi ya Mbonea. Akapita kwenye msingi mpya wa baraza, akaugusa kwa fimbo, akauzunguka. Mbonea akaacha kucheka. Akapita ubavuni mwa nyumba huku mkono wake ukipapasa tofali moja baada ya jingine, nyumba ambayo Mbonea aliijenga kwa miaka kumi na moja. Akapita mlango wa jiko, mke wa Mbonea amesimama pale na mwiko mkononi, hajui ampishe au amshike. Na watu wanafuata nyuma. Mbonea akajikuta anahesabu hatua bila kutaka. Thelathini. Thelathini na tano. Moyoni anasema, simama, bibi, simama hapo. Hatua ya arobaini na moja bibi akasimama. Akainua mkono, akashika shavu lake la kushoto.

"Hapa," akasema. "Na mwenzangu alisimama pale, tunatazamana. Alianza kulia hata kabla hajapigwa."

Ndugu zangu, pale palikuwa ni kaburi. Kaburi la baba yake Mbonea, lile la vigae vyeupe, ambalo lilikuwa bado na povu la sabuni ya asubuhi ile.

Mungu wangu! Mzee mmoja aliyekuwa mchimba kaburi akavua kofia yake. "Mwenyekiti," akasema, "mimi nilichimba hapa miaka kumi na miwili iliyopita. Jembe lilitoa makaa. Tukaambizana kwamba zamani palikuwa na jiko." Hata hivyo wakachimba kidogo miguuni pa kaburi, bila kuligusa. Majembe matatu tu. Kaa, jeusi kama limezimwa jana. Halafu kigae cha chungu, na kingine, na cha tatu.

Mbonea akamkumbuka baba yake kitandani, wiki ya mwisho. Mzee hawezi hata kushika kikombe, lakini alidai abebwe mpaka nyuma ya jiko, akaonyesha kwa fimbo: "Mtanizika hapa. Si hatua moja huku, wala hatua moja kule. Hapa." Mbonea alikuwa amewasimulia watu habari hiyo kwa fahari miaka yote, jinsi baba yake alivyokuwa mtu wa mpangilio. Sasa akaelewa mpangilio ulikuwa wa nini. Kaburi halichimbwi. Nani angetafuta makaa chini ya maiti? Wengine watawaambia kwamba yule mzee alitaka kuficha. Wengine watasema hapana, alishindwa kukiri kwa mdomo, akaamua arudi mpakani alale pale pale, awe yeye mwenyewe ndiye jiwe. Mimi sijui, na Mbonea hakujua mpaka anakufa.

Mwenyekiti akafungua ile karatasi. Hakutaka kuisoma, sauti ilionyesha, lakini Mbonea mwenyewe alikuwa ameomba isomwe. "Mpaka urudi palipo na makaa, popote pale yatakapoonekana. Kila kilicho upande wa jirani kiwe cha jirani." Watu wakatazama nyumba. Wakatazama jiko na tangawizi yote. Mwenyekiti akamalizia. "Na asionewe mtu huruma."

Mke wa Mbonea akakaa chini palepale, mwiko bado mkononi.

Mbonea alimgeukia bibi. Alikuwa analia waziwazi, mzee wa kanisa mbele ya kijiji. "Bibi, ulijua. Miaka yote hii ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" bibi akajibu. "Baba yangu alipokufa mimi nilikuwa kwa mume, shamba likakaa bila mtu. Niliporudi mjane nikakuta jiwe limeshatelemka. Nilikuja na hasira zangu mpaka kwenye mlango wenu, na mtoto mgongoni. Mtoto wangu alikuwa anakufa, Mbonea. Maziwa yalikuwa yamenikauka njiani. Mama yako ndiyo kwanza amekuzaa wewe. Hakuniuliza nimefuata nini. Alimpokea mwanangu, akamweka titi hili, wewe ukawa titi hili. Miezi minane. Baba yako alikuwa anatuona pale uani, anainamisha kichwa, anapita. Sasa mimi nifungue mdomo nidai udongo? Nikasema basi, ardhi ile mtoto wangu ameinyonya. Nikanyamaza. Nilikuomba uliache lile jiwe. Mwanangu, nilikuwa nakuombea wewe!"

Hebu tukae kidogo na maneno hayo. Yule mtu aliyekuwa anatetemeka, ambaye Mbonea alimwona ana hatia, alikuwa anatetemeka kwa ajili yake.

Bibi akamwambia mwenyekiti, "Nyumba ibaki, watoto walale ndani. Mimi simfukuzi mtu. Lakini jiwe lirudi. Nilinyamaza jambo hili lilipokuwa limefunikwa. Sasa limefunuliwa, siwezi kufa nimelisemea uongo."

Mbonea hakusubiri vijana. Alilikumbatia lile jiwe mwenyewe, akalibeba zile hatua arobaini na moja kupanda, akapita nalo kwenye tangawizi, akapita msingi wa baraza, akapita kwa mkewe aliyekaa chini, akalisimika miguuni pa baba yake. Shati lote udongo na jasho. Akasimama.

"Bado," mwenyekiti akasema kwa upole. "Mpaka ukisimikwa unataka shahidi. Atafutwe mtoto wa kupigwa kofi."

Watu wakaanza kuangaliana, kila mzazi anamvuta wake nyuma. Mbonea akasogea mbele, akapiga magoti kwa bibi.

"Nipigwe mimi."

"Mila inasema mtoto."

Mbonea akaonyesha kaburi. "Mimi ndiye mtoto wake."

Bibi Nakundwa akampapasa uso, akalitafuta shavu, akalipata. Msidhani alimpiga kizee. Mkono ule wa miaka themanini na mmoja ulishuka na kofi lililosikika mpaka barabarani, na Mbonea akalia kama alivyolia baba yake akiwa na miaka tisa. Mkewe akainuka, akakimbilia ndani, akaleta asali. Bibi akachovya kidole chake, akamlambisha.

Sasa sisi.

Mkiniambia kwamba Mbonea alikuwa mwizi, nitawakatalia, na hicho ndicho kinachonitisha. Jiwe lile hakuligusa maisha yake yote. Angekuwa mwizi tungelala salama, tungesema ni habari za wezi. Lakini alikuwa mtu safi, kama wewe, kama mimi, mwenye mikono mikavu inayonuka sabuni. Alitazama mikono yake akaiona haina kitu, akasahau kutazama alichosimama juu yake. Nani humu alishawahi kuchimba chini ya jiwe lake mwenyewe? Shamba tulilirithi, jina zuri tulilirithi, kiti cha mbele hapa kanisani wengine tulikirithi. Tunajua baba alikipataje? Tunaimba kwa sauti kubwa, tukitoka nje tunaandika karatasi juu ya wenzetu, tunamalizia na yale maneno: asionewe mtu huruma. Hivi tunajua tunamwandikia nani?

Yuko mtu anayekunyamazia, ndugu yangu. Ana neno moja tu, akilitamka nyumba yako inahama. Analimeza kila asubuhi kwa sababu ya wema fulani ambao hata si wewe uliyeutenda. Na Mungu naye ametunyamazia sana, mimi wa kwanza.

Najua humu ndani wako wawili wenye shauri la mpaka litakalosikilizwa Jumatano. Sitataja, msigeuke nyuma. Wewe uliyeshtaki, ukitoka hapa usipite kwa mwenyekiti kwanza. Pita kwa yule bibi uliyemshtaki, vuta kigoda, ukae leo, umuulize: bibi, umenifichia nini?